Kishubaka cha Minza

Tekla alizikwa Ilembo, na mimi nilifika watu wameshanawa mikono na wanakula. Treni ilichelewa, na njia nzima nilijisumbua kwa kuwaza kwamba wanawe hawatanitambua, kwamba mguu wangu utavimba na kunifanya kituko mbele ya watu, kwamba nitalia kupita kiasi au nitashindwa kulia kabisa. Ndivyo nilivyo. Nikiona mlango uko wazi nauliza nani kaingia, na nikiuona umefungwa nauliza nani kafungiwa ndani. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na akina mama, nikapewa sahani ya wali na maharage, na mmoja nisiyemfahamu akaninyooshea kidole. "Huyu si ndiye Lina wa malale? Yule waliyekuwa naye kule kwenye chumba cha vioo?" Wakacheka kwa upole, kama watu wanavyocheka msibani, kisha wakataka niwasimulie Tekla alikuwaje akiwa msichana. Nilifungua kinywa nikakosa pa kuanzia. Nikasema alikuwa na sauti kubwa, jambo ambalo wote walilijua tayari.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimerudi Mwanza, darasani. Nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, saa chache tu kwa wiki, maana nikikaa nyumbani nabaki kuhesabu maradhi yangu. Somo lilikuwa vyombo vya kukusanyia: orodha, foleni, rundo, seti, kamusi. Lugha tunayofundishia inavileta vyote vikiwa tayari, huna haja ya kuvichonga mwenyewe, na hapo ndipo roho yangu inapokosa raha, kwa sababu kitu ulichopewa tayari hukiulizi maswali. Binti mmoja, Faraja, hodari kuliko wenzake, alikuwa ametengeneza programu ya zahanati. Kila mgonjwa kwake ni kitu kimoja kamili, chenye jina lake, umri wake na majibu ya kipimo. Wale waliokutwa na ugonjwa amewaweka kwenye kamusi, na kamusi hapa si kitabu. Ni chombo kinachohifadhi kitu chini ya ufunguo. Unakipa ufunguo, kinakurudishia kilichofungiwa humo. Faraja alitumia jina la mtu kuwa ufunguo. Ukiandika jina likapatikana, programu inasema mtu aanze dawa. Lisipopatikana, inaandika kwa herufi za kijani: Mzima, nenda nyumbani. Wenzake wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nikamwuliza, "Na kama yumo, ila kwa jina lingine?" Akanitazama kwa huruma ambayo vijana huwapa wazee. "Mwalimu, hiyo si kazi ya programu. Hiyo ni kazi ya mtu wa mapokezi." Nikavuta kiti nikakaa, na yale niliyoshindwa kuyasema Ilembo yakaanza kunijia yote kwa pamoja.

Mwaka ninaousema ni wa katikati ya miaka ya sabini. Watu wengi walikuwa wamehamia kwenye vijiji vipya, na mashamba waliyoyaacha yalikuwa yamerudi kuwa pori, na pori likajaa mbung'o. Mimi na Tekla tuliletwa Mpanda kujifunza kupima damu ya malale. Chumba chetu cha kazi kilikuwa cha matofali ya kuchoma, nyuma ya majengo ya matibabu, chenye mlango mmoja na dirisha dogo la kutolea majibu. Kilinuka spiriti na ile rangi ya zambarau tuliyopakia vioo, ambayo iliingia kwenye kucha na haikutoka hata kwa majivu. Juu ya meza palikuwa na hadubini moja, na aliyeitawala alikuwa Ndugu Sabas, mpimaji, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha kujifanyisha, ambaye alituita "nyie mabinti" hata alipokuwa anamwita mmoja wetu. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa taratibu, na kwangu mimi, niliyekuwa naogopa kila kitu, taratibu zake zilikuwa dawa.

Nikikitazama chumba kile kwa macho ya leo naona somo langu lote limo. Benchi la nje lilikuwa foleni: aliyetangulia ndiye anayetangulia kutobolewa kidole, na bibi wa Kifipa aliyejaribu kupenya katikati alirudishwa nyuma na wenzake kwa maneno ambayo sitayaandika. Sahani za bati tulizotumia mchana ziliwekwa kwa rundo, ya mwisho kuoshwa ndiyo ya kwanza kutumika, kwa hiyo zile za chini hazikuona chakula mwaka mzima. Trei ya vioo ilikuwa orodha, kila kioo na nafasi yake. Ukutani ilikuwepo ramani yenye pini, pini moja kwa kila kijiji tulichofika. Ukirudi Magamba mara ya pili huchomi pini nyingine, kijiji kimeshakuwemo. Hiyo ndiyo seti, nami huwaambia wanafunzi hivyohivyo. Na kando ya dirisha lilisimama kabati la vishubaka lililotengenezwa kwa mbao za masanduku ya chai. Hiyo ilikuwa kamusi yetu. Ndugu Sabas aliipenda kuliko hadubini.

Taratibu yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya vipimo tunamwuliza mtu jina, tunachukua tone la damu, na jina linachorwa kwenye ncha ya kioo kwa penseli ya nta. Kioo ni kidogo, panatosha jina moja tu na herufi ya mahali alipotoka. Baadaye vioo vinapakwa rangi na Ndugu Sabas anavipitia. Kioo kikiwa safi, kinaoshwa kitumike tena, na mtu huyo haandikwi popote. Kikiwa na vidudu, inaandikwa kadi na kutiwa kwenye kishubaka chini ya jina. Siku ya majibu watu wanakuja dirishani na kutaja jina. Kadi ikiwepo, mtu anakaa benchini mpaka aitwe kwa jina, kisha analazwa na kuanza sindano. Isipokuwepo, anaambiwa, "Hayupo. Nenda salama." Tulihifadhi wagonjwa tu kwa sababu walikuwa wachache na mbao za masanduku ya chai hazikutosha. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi, niliyezoea kutafuta ubaya kwenye chumvi, sikuuona.

Tuliishi chumba cha pili kutoka hapo, vitanda viwili vya kamba na jiko la mkaa mlangoni. Tekla alipika na mimi niliosha, kwa sababu nikipika nilikuwa nafunua chungu kila mara kuangalia kama kuna kilichoharibika. Tulikula ugali na samaki wa migebuka wakavu walioletwa kutoka Karema, na siku za bahati asali. Pasaka ya mwaka ule Tekla aliolewa na kijana dereva aliyekuwa anaendesha Landrova ya kupeleka watu wa kupulizia dawa ya mbung'o. Jina lake Deusi, na kwa kuwa alikuwa safarini siku nyingi Tekla aliendelea kulala chumbani kwetu. Mama yake Deusi alikuwa akija kutusalimia, mwanamke mpole, amebeba karanga mbichi kwenye kitambaa. Akija, Tekla yule mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli aligeuka kuwa mtu wa kunong'ona. Alipiga magoti, alitazama chini, na mkwewe alipoondoka alijitupa kitandani na kusema, "Lina, nimechoka kuliko siku ya kulima." Nami nilicheka sana.

Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi Ndugu Sabas aliponiita kwenye hadubini. "Njoo uone, binti. Hiki ni cha vitabuni." Niliinama nikaona chembe za damu, na katikati yake vile vitu vyembamba vilivyojipinda, vingi, vingi mno, kila nilipokisogeza kioo nikakuta vingine. Nilikuwa nimeviona kabla, lakini si kwa wingi ule. Kwenye ncha ya kioo iliandikwa Minza, na herufi M ya Magamba. Kadi yake ikaandikwa na kutiwa kishubakani. Malale ya kwetu hayana subira. Hayakai mwilini miaka kama yale tunayosikia ya nchi nyingine. Yanaanza na homa, kisha yanapanda kichwani, na yakishafika kichwani sindano zinazohitajika ni zile ambazo zenyewe huua baadhi ya watu. Kwa hiyo siku ya majibu nilisimama karibu na dirisha tangu asubuhi nikisubiri Minza aitwe. Wote wenye kadi walichukuliwa. Minza hakuja. Wiki iliyofuata vilevile. Nikawa nikiingia asubuhi, kabla ya kuvua kanga ya mabegani, natazama kwanza kishubaka kile.

Ndugu Sabas hakukaa bure. Alituma watu Magamba, nao wakarudi na mwanamke mmoja mnene, Msukuma wa miongoni mwa wale waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Jina lake kweli lilikuwa Minza. Alikuwa amekasirika. "Mimi nilishapimwa msimu uliopita, nikaambiwa niende," alisema. "Sasa mnanifuata hadi shambani, watu wanadhani nimeiba." Tukamtoboa kidole upya, huku akitusimanga kwa Kisukuma, tukatazama kioo chake chote. Kilikuwa safi kama maji. Ndugu Sabas akakohoa kikohozi chake. "Basi kile chenye vidudu jina lake litakuwa limeingiliana na la kingine. Au mtu ametupa jina la uongo kwa kuogopa sindano. Akizidiwa ataletwa." Akataka kuitoa kadi. Nikamwomba aiache. Aliniangalia kwa jicho la pembeni, akaiacha, lakini nilijua kwake yeye mambo yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba mambo mawili hayafanani: kitu chenyewe, na jina ulilokibandika. Vitu viwili vinaweza kubeba jina moja na vikabaki viwili, kama yule mama mnene na mtu tuliyemtafuta. Na kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na ukikiweka kwa hili ukaja kukiita kwa lile, kamusi itakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna. Haikudanganyi. Imefanya ulichoiambia. Vijana wanaandika hayo kwenye madaftari yao na kuona ni jambo la mtihani. Mimi mwaka ule nilikuwa nalifahamu kwa tumbo langu, ambalo lilikataa chakula. Tekla aliweka ugali mbele yangu na kuuondoa. "Utamponyaje mtu kwa kukonda?" aliniuliza. "Kula bwana." Nikamwambia mahali fulani kuna mtu anasinzia. Akasema, "Najua. Kula." Nikamega tonge moja, nikamrudishia sahani.

Kilichotufungua kilitokea siku ya majibu, saa za asubuhi, dirishani. Ndugu Sabas alikuwa na homa amelala kwake, Tekla akashika dirisha na mimi nikashika beseni la vioo. Alitoa kadi kishubakani, akaisoma, akanyamaza. Benchi zima linamtazama. Kisha akarudi ndani, akanishika mkono wangu uliolowa. "Njoo umwite huyu." "Kwani wewe sauti imeenda wapi?" Akanionyesha kadi. Iliandikwa Yustina. Nilichukua muda kuelewa, halafu nikakumbuka kwamba Yustina ndilo jina la mama yake Deusi. Mkamwana halitamki jina la mkwewe, si mbele yake wala nyuma yake. Kwetu liko hivyo, kwa Wasukuma liko hivyo, na sidhani kama kuna kabila mkoani humo ambalo mwanamke aliyeolewa angelishangaa hilo. "Hata hapa hospitali?" nilimwuliza. "Hata hapa. Nimeolewa juzi, Lina, usinitie kwenye maneno." Nikaenda dirishani nikaita Yustina, akaja bibi mmoja mwenye fimbo, akapelekwa wodini. Nilirudi kwenye beseni. Mikono ilikuwa majini lakini sikuosha kitu.

"Tekla," nilisema, "ukizaa mtoto wa kike, Deusi akimpa jina la mama yake, utamwitaje?"

"Nitamtafutia jina. Kila mtu anafanya hivyo. Nitamwita Mama, nitamwita Bibi, lolote."

"Na ukimleta hapa nikakuuliza anaitwa nani, mkweo amekaa na wewe benchini?"

Tekla alianza kujibu kwa haraka kama kawaida yake, kisha akaniangalia, na nikaona uso wake unabadilika. "Nitakutajia hilo la kwangu," alisema polepole. "Halafu siku ya majibu ukamtuma mumeo," nikasema. Nje mtoto fulani alikuwa analia kwa sababu ya kutobolewa kidole, na mama yake anamwambia imekwisha, imekwisha.

Nikaanza kutafuta kichwani. Hapo ndipo nilipouona ubovu wa taratibu yetu, kwa sababu kwenye kabati palikuwa na wenye vidudu tu. Watu walioambiwa hayupo hawakuacha alama yoyote. Wangekuwa wameandikwa nao, ningewapekua mmoja mmoja. Lakini wasiwasi una faida yake ndogo: mtu mwenye wasiwasi husikiliza yasiyomhusu. Nilikumbuka mwanamume mmoja mrefu, ana makubazi ya tairi, aliyekuja dirishani siku ileile niliyoanza kumsubiri Minza. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Aliuliza jina la mtoto wake, Kabula, kutoka Magamba. Ndugu Sabas akatazama kishubaka cha K, akasema hayupo, nenda salama. Yule mtu alishusha pumzi. "Mungu mkubwa," alisema. "Mama yake amejifungua, ndiyo maana nimekuja mimi. Basi tunaweza kuhama sasa, ng'ombe hawana maji hapa, tunakwenda kule Usevya." Nakumbuka niliifurahia furaha yake. Nilikumbuka pia siku ya vipimo: mwanamke mwenye mimba kubwa, msichana mdogo, na bibi mwenye shanga amekaa katikati yao, kimya. Wangapi wengine walikuja na bibi zao, sikujua. Nilikuwa na huyo mmoja tu.

Ndugu Sabas alitusikiliza akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Nilitegemea atanicheka. Alitazama dari, kisha akasema, "Mke wangu mwenyewe hamtaji mama yangu. Miaka yote hii." Akainuka na homa yake, akaandika ruhusa ya Landrova. Kesho yake tuliondoka na Deusi, Tekla mbele, mimi nyuma na sanduku la vioo mapajani. Njia inapita pori lenye mbung'o; tulifunga vioo vya madirisha tukachemka ndani kwa joto, na bado waliingia, wakauma kupitia nguo. Nilikuwa nawaza kwamba nimebuni hadithi nzima kutokana na woga wangu, kwamba tutamkuta Kabula anaruka kamba, na watu watasema yule binti wa maabara ana kichaa. Halafu nikaomba iwe hivyohivyo. Nikaomba kwa moyo wote nionekane mjinga.

Usevya watu walikuwa wanavuna mpunga. Walituelekeza kwenye boma jipya pembeni, miiba bado mibichi. Yule mwanamume mrefu alitoka kutupokea, akatukumbuka, akacheka, akaagiza viti. Mkewe alikuwa kivulini ananyonyesha. Bibi mwenye shanga alikaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Nikauliza Kabula yuko wapi, na baba akasema amelala. Ilikuwa karibu na adhuhuri. "Siku hizi analala sana," alisema, na cheko lake likaanza kupungua. "Tunamwamsha ale. Tulidhani ni safari." Tekla, ambaye hakuwahi kunisubiri, alikuwa ameshapiga magoti mbele ya yule mama na kumwuliza kwa sauti ya kunong'ona, ile ya kwa wakwe, "Mama, siku ile kule hospitali, mtoto ulimtaja jina gani?"

Yule mama alitazama chini. Alimtazama mtoto aliyekuwa ananyonya, akatazama ardhi tena. Mumewe akauliza kulikoni, akajibu yeye mwenyewe, "Si Kabula?" Mkewe hakuinua kichwa. Ungo wa bibi ulikuwa umesimama. "Mwache," bibi alimwambia mwanawe. Kisha akatugeukia sisi. "Nyie mayu, nyie mama zangu, huyu mtoto ana jina langu mimi. Mkwe wangu hawezi kulisema. Yeye anamwita Minza, hapa nyumbani sote tunajua." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani nyie hamkujua?" Hilo swali nimelibeba hadi leo. Tulijua. Tulijua sote, hata Ndugu Sabas, kila mmoja kwake nyumbani, ila tulipoingia chumba cha vioo tuliona kama tumeingia mahali ambapo watu hawana wakwe.

Tulimlaza Kabula nyuma ya Landrova, kichwa chake kwenye mapaja ya bibi yake, mama na kichanga pembeni. Alikuwa mwepesi mno kwa umri wake. Njiani alifumbua macho akauliza ndama wako wapi, halafu akayafumba. Mpanda walimtoboa uti wa mgongo, na maji yake yakaonyesha kile tulichokuwa tunakiogopa: vidudu vimeshapanda. Daktari alimwita baba yake kando akamweleza kuhusu zile sindano kali, kwamba zinaweza kumponya na zinaweza kumwua, na kwamba bila hizo atakufa tu. Baba alisikiliza akiwa amekunja kofia yake mikononi. Akasema wapige.

Baadaye sana Ndugu Sabas alibadilisha taratibu. Kila mtu aliyetobolewa kidole alifungwa kamba mkononi yenye kipande cha bati kilichochorwa alama, na alama hiyohiyo ikachorwa kwenye kioo. Hukuulizwa jina, ulionyesha mkono. Na waliokutwa wazima nao wakapata kadi, za rangi nyingine, ili neno "hayupo" lisimaanishe chochote zaidi ya kwamba hatukujui. Ndicho nilichomwambia Faraja hatimaye, siku ile darasani, nilipoweza kusimama. Nilimwambia ufunguo usiwe kitu ambacho ulimi wa mtu unaweza kukikwepa, na kukosekana kwenye kamusi si jibu la ugonjwa. Alibadilisha mistari miwili. Lakini haya yote yanakuja vizuri ukiyasimulia sasa. Siku zile hatukuwa tunafikiria taratibu. Tulikuwa tunafikiria kitanda cha pembeni, wodi ya wanawake.

Baada ya sindano za mwanzo Kabula alizama. Alikuwa anapumua, lakini huwezi kumwita akaitika. Nesi alisema watu wake wasikae kimya, wamwite, wamsemeshe, mtu akiachwa anakwenda mbali zaidi. Baba alikuwa amerudi kuangalia ng'ombe. Mama alikaa kitandani, akamshika mtoto mashavu, akamwita. Alimwita Minza. Alimwita Mama, alimwita Bibi, alimwita kwa majina ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa. Alimwimbia. Mimi na Tekla tulikuwa tumeleta uji, tumesimama nao mlangoni, hatuwezi kuingia wala kuondoka. Nesi akapita, akasema bila ubaya, "Mwite kwa jina lake analoitwa na wenzake." Mama alifungua kinywa. Bibi alikuwa amekaa chini upande wa pili wa kitanda, karibu kiasi cha kugusana naye. Kinywa cha mama kikabaki wazi, na machozi yakaanza kumtoka, na jina halikutoka.

Bibi alijishika kwenye chuma cha kitanda akainuka. Ilimchukua muda, magoti yake yalikuwa mabovu. Hakumtazama mkwewe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga kwenda kisimani, "Mimi natoka nje, nikaote jua." Akatupita mlangoni. Nilimfuata kwa sababu niliogopa ataanguka ngazini. Hakukaa. Alisimama nje ya ukuta wa wodi, mgongo kwa jengo, mikono imekunjwa kifuani, anatazama njia ya vumbi ambako hakukuwa na mtu. Ndani kulikuwa kimya. Kisha sauti ya yule mama ikapasuka, kubwa kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza kutoa, sauti ya mtu anayeita mtoto anayekaribia kisima: "Kabula! Kabula! Kabula, we Kabula!" Bibi alitikisika kidogo kila jina lilipopita. Hakuziba masikio. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikasogea nikidhani anasali, nikamsikia anaitika, polepole, kila linapoitwa, ili lisiende bure. "Abee. Abee, mayu. Abee." Aliitika hivyo mpaka, kutoka ndani, kwa sauti ndogo iliyokauka, mtu mwingine alipoitika.